Muziki wa saa saba mchana: je, binti yangu apige bila malipo?

SWALI

Ndugu mtaalamu, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa Kiunguja, naishi London mwaka wa ishirini na tatu huu, na kazi yangu ni hospitali. Binti yangu ana miaka 24, na mwaka jana alimaliza shahada ya uzamili ya selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa. Sasa amealikwa apige muziki katika kanisa moja katikati ya mji, Ijumaa saa saba mchana, yeye na mwenzake wa piano. Wamepewa dakika hamsini. Kiingilio hakuna, na malipo yao ni kile kitakachopatikana kwenye kapu la mlangoni. Anataka kupiga kazi za watunzi wa Ulaya, Bach, Debussy na Brahms, na anafikiria kutia wimbo mmoja wa taarab ambao marehemu babu yake alikuwa akiupiga kwenye fidla. Baba yake amekasirika. Anasema mtoto kasoma miaka yote hiyo, leo akawapigie bure watu wanaokula sandwichi, tena kanisani! Mimi sijui nimwambie nini. Haya maonyesho ya mchana ni kitu cha maana, au ni njia ya kuwatumia vijana? Na mimi nikienda, nikae vipi? Kwetu mtu akipiga vizuri unainuka ukamtunza.

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake mna maswali manne na hakuna hata moja la kurukwa. Hapa London nimekuwa mpiga piano wa kusindikiza waimbaji na wapiga nyuzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na miaka ya karibuni nasaidia kuchagua vijana wa kupiga mchana katika kanisa moja. Kwa hiyo kapu hilo nalijua: nimelisimamia, na nimelipwa kutoka humo.

Jibu langu ni kwamba akubali. Ila abadilishe siku, apunguze programu yake, na aulize mambo matatu kabla ya kusema ndiyo.

Nianze na baba yake, kwa kuwa hasira yake ina mashiko. Mwanamuziki ni mfanyakazi. Nyuma ya dakika zile hamsini kuna miezi ya mazoezi, kuna selo ya maelfu ya pauni, kuna nauli, na kuna mwenzake wa piano ambaye naye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Mzazi asiyeuliza habari ya malipo ndiye ningemshangaa. Lakini neno "bure" halikai sawasawa juu ya maonyesho haya, na ili aone kwa nini, inabidi ajue yalikotoka.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, kumbi za starehe za London zilifungwa. Usiku mji mzima ulikuwa giza kwa kuhofia ndege za mabomu. Jumba la taifa la picha, National Gallery, lilibaki kuta tupu, kwa sababu michoro yake ilikuwa imehamishiwa Wales kwa usalama. Mpiga piano Myra Hess, mtu aliyekwisha kuwa na jina kubwa Uingereza na Marekani, akamwendea mkurugenzi wa jumba lile, Kenneth Clark, na wazo la kupiga muziki mle ndani mchana, saa ambayo watu wa maofisini wanapumzika na bado kuna mwanga wa kuwarudisha. Yeye aliwazia onyesho la mara moja moja. Clark akauliza kwa nini isiwe kila siku. Tarehe 10 Oktoba 1939 Hess akapiga mwenyewe lile la kwanza. Walitazamia watu wachache, wakaja karibu elfu moja. Na kati ya alivyowapigia ulikuwamo muziki wa Wajerumani, Bach na Beethoven, wakati vita na Ujerumani vina mwezi mmoja tu. 

Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Wazee wetu wangeijua hesabu hiyo, kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ya zama zile ilikuwa na thamani sawa na ya Uingereza. Tangu siku hiyo walipiga Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka tarehe 10 Aprili 1946. Mabomu yalipochacha mwaka 1940 waliteremka kwenye handaki chini ya jumba wakaendelea kupiga. Yalihesabiwa maonyesho 1,698, na wasikilizaji zaidi ya laki nane. Sandwichi zilikuwapo pia, na za asali na zabibu kavu ndizo zilizopata sifa, ila ziliuzwa kando. Mwambie baba yake hilo. Hata leo, katika makanisa na kumbi nyingi za namna hii huruhusiwi kula ndani wakati muziki unapigwa. Watu hula kabla au baada, kwenye ngazi za nje au kwenye mkahawa wa chini.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo mimi hulirudia kila nikipata nafasi. Waliopiga walilipwa, tena ada ndogo iliyo sawa kwa wote, awe bingwa wa miaka thelathini au kijana ambaye jina lake hakuna anayelijua. Kijana alipanda jukwaa lilelile, juma lilelile na wakubwa, mbele ya wasikilizaji walewale. Huko ndiko desturi ya kumpa mwanamuziki chipukizi saa ya mchana ilikopata nguvu, na ndiko ilikosambaa. Kanisa la St Martin-in-the-Fields, hatua chache tu kutoka kwenye jumba lile la picha, lina maonyesho ya mchana ya miaka mingi. St James's ya Piccadilly vilevile. Chicago wanayo yanayobeba jina lake kabisa, Dame Myra Hess Memorial Concerts. Yalianza mwaka 1977, ni Jumatano saa sita na robo mchana, hayana kiingilio, na yanarushwa moja kwa moja na redio ya WFMT. Yameandaliwa makusudi kwa wanamuziki wanaoanza kazi. Amsterdam, katika jumba la Concertgebouw, Jumatano saa sita na nusu unaingia bila kulipa, na mara nyingi anayepiga ni kijana. Hapa London ukumbi wa Wigmore hupiga Jumatatu saa saba na BBC Radio 3 ikarusha hewani. Huo una tikiti, na humo binti yako bado hajafika, lakini vijana wengi walioingia humo walipita kwanza kwenye makanisa ya saa saba.

Sasa tuje kwenye kapu, dada. Wewe mwenyewe umenipa neno la kulielezea. Kwetu kwenye taarab hakuna aliyewahi kusema kwamba mwimbaji anaimba bure kwa kuwa hakuna tikiti mlangoni. Unamsikia, wimbo unakugusa, unainuka na noti yako mkononi, unakwenda kumtunza. Kapu la mlangoni ni tunza iliyosubirishwa mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba kwenye taarab mpokeaji mnamwona, ilhali kapu halina uso. Msikilizaji anatia pauni tano, au anagusisha kadi kwenye kimashine, akiamini anampa yule binti wa selo. Pengine ni kweli, pengine sivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni hili: kapu ni la nani? Kuna makanisa yanayowapa wapigaji ada maalumu na kapu likabaki kwao kwa ajili ya umeme na kutunza piano. Kuna yanayogawana nusu kwa nusu. Kuna yanayowapa wapigaji chote. Na kuna yanayowapa nauli tu. Utaratibu wowote kati ya hiyo naweza kuuheshimu, mradi usemwe mapema na uandikwe hata kwenye barua pepe ya mistari miwili. Nisiouheshimu ni ule wa kimya, kijana akagundua saa nane mchana, selo ikiwa imeshafungwa, kwamba hakuna chake. Mimi yalinikuta nilipokuwa rika la binti yako. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimewashukuru.

Jambo la pili ni piano na saa ya mazoezi. Aulize kama piano inalinganishwa sauti karibu na siku hiyo, na wataingia ndani saa ngapi. Saa moja ya kujaribu mle ndani ni lazima. Wasipopewa, basi anayewaalika hajui anachokiomba. La tatu ni kurekodi. Kwa kijana, picha nzuri ya video ya dakika kumi, akiwa mbele ya watu halisi, inaweza kuwa na faida kuliko kapu lenyewe. Ndiyo atakayoipeleka kwenye mashindano, kwa mawakala, na kwenye mashirika kama Young Classical Artists Trust, ambalo tangu mwaka 1984 limekuwa likiwachukua wapigaji wachache na kuwatafutia kazi. Kwa hiyo aulize: naruhusiwa kuweka kamera yangu? Nanyi mkirekodi, mtaitumia wapi?

Akiambiwa alipe yeye ndipo apige, iwe ni kodi ya ukumbi au "gharama za maandalizi", akatae kwa adabu. Wakiuza tikiti na bado wakasema wapigaji hawalipwi, akatae vilevile. Ajiunge pia na Musicians' Union, chama cha wanamuziki, kama bado. Wana watu wa kusoma mikataba, na kijana anaposema "nitawaonyesha chama changu", mazungumzo hunyooka haraka.

Ni mangapi ya kapu ayakubali? Mimi nawaambia vijana wangu manne au matano kwa mwaka, yaliyochaguliwa, basi. Akipiga ishirini atakuwa amegeuka mfadhili wa makanisa, na baba yake atakuwa amesema kweli.

Kuhusu kanisa. Suala la dini ni lenu na nyoyo zenu, wala mimi si sheikh. Ninachoweza kukueleza ni kinachotokea. Saa ile hakuna ibada. Anasimama mtu, anakaribisha, anaonyesha milango ya dharura, anaomba simu zizimwe, anakaa. Hakuna anayeombwa kuinuka, kupiga magoti wala kuitikia kitu. Makanisa ndiyo yaliyoshika kazi hii kwa sababu ya mahali yalipo. Katika City ya London, ule mtaa wa maofisi ya fedha, wanaolala humo ni wachache, wanaofanya kazi humo ni laki kadhaa, na majengo haya ya mawe yapo katikati yao, matupu siku za kazi, yana piano, na dari zake zinauchukua mlio wa uzi na kuurudisha mtamu. Mzee wenu bado asiporidhika, ziko kumbi za vyuo, za majumba ya makumbusho na za halmashauri zinazofanya jambo hilohilo.

Ila Ijumaa saa saba! Hapo hata mimi nilishtuka. Binti aandike leo aombe siku nyingine. Waandaaji hupanga miezi mingi mbele, na kubadilishana siku na mwingine ni jambo la kila mara. Aseme tu ukweli, kwamba familia yake ina swala ya Ijumaa na ingependa kuja kumsikiliza. Sijapata kuona mwandaaji aliyekasirishwa na sababu hiyo. Kinachowakasirisha ni mtu kujiondoa wiki ya mwisho.

Sasa programu, na hapa naomba barua hii umpe aisome mwenyewe.

Mwanangu, umechagua Bach, Debussy, Brahms na wimbo wa babu. Tuhesabu. Ikiwa Bach ni ile swiiti ya kwanza nzima, yaani mfululizo wa vipande vyake, ni dakika 18 hivi. Sonata ya Debussy ya mwaka 1915, kazi ya selo na piano yenye sehemu tatu, ni 12. Sonata ya kwanza ya Brahms, ile ya ufunguo wa E ndogo, ni 25. Wimbo wa babu, tuseme minne. Jumla 59. Umepewa hamsini, na hizo hamsini si za muziki mtupu. Humo mna makaribisho, mna kutembea mpaka kwenye kiti, mna kulinganisha nyuzi, mna makofi, mna wewe kusema maneno mawili. Muziki wenyewe usizidi dakika 42.

Nakwambia hivi kwa sababu nilishakosea. Miaka mingi iliyopita mimi na mpiga fidla mmoja tulianza tumechelewa dakika sita, na hatukutaka kukata kitu. Saa nane kasoro kumi tulikuwa ndio kwanza tunaingia sehemu ya mwisho ya sonata. Nikaanza kusikia viti. Kimoja, halafu viwili, halafu mfululizo, viatu vikijaribu kutosikika kwenye sakafu ya mawe. Wale watu hawakuchoka na muziki wetu. Kuna aliyekuwa na mkutano saa nane, kuna aliyekuwa na bosi anayetazama saa. Walikuwa wametupa saa moja pekee ya siku iliyo yao, sisi tukataka na ya mwajiri wao. Mpaka leo nikipanga programu, naanza kuhesabu kutoka mwisho: nani anarudi wapi, na saa ngapi awe amekaa mezani pake.

Kwa hiyo mwache Bach. Tena hutakuwa umemwacha kabisa, kwa sababu sehemu ya mwisho ya sonata hiyo ya Brahms imejengwa juu ya wazo linalotokana na Bach, kwenye kazi yake ya mwisho ya fuga, ule mtindo ambao sauti zinafuatana zikirudia wazo moja. Msikilizaji ukimdokezea hilo kwa sentensi moja, atamsikia. Anza na Debussy. Ni fupi, inafungua masikio, na sehemu yake ya pili unadonoa nyuzi kwa vidole muda mrefu kama mpiga gitaa. Kisha mwenzako wa piano anyanyue mikono, na wewe peke yako upige wimbo wa babu. Halafu Brahms. Hapo una 41, ukiweka makofi na maneno yako, saa saba na dakika 48 umesimama unainama.

Wimbo wa babu nasisitiza upige peke yako, na sababu ni ya kifundi. Kama uko kwenye maqam, yaani mpangilio wa sauti za Kiarabu, yenye robo-sauti, rasti au bayati, piano haina noti hizo. Kila inapogusa itakuwa ama juu kidogo ama chini kidogo ya unapotaka, na wimbo utaumia. Selo haina vipingo shingoni vya kukipangia kidole mahali pa kukaa kama gitaa. Kidole chako kinaweza kukaa palepale kilipokaa cha babu yako kwenye fidla. Ukitoka kwenye minyuzi ya kudonolewa ya Debussy ukaingia humo, msikilizaji ambaye hajawahi kusikia udi atahisi kuna ndugu wawili hapa. Usiuweke mwisho kama zawadi ya kuagia, wala usiupige kama hujaushika barabara. Tafuta mtu wa Unguja aliyepiga kwenye vikundi akusikilize kwanza. Na kama mtunzi wake anajulikana, jina lake liandikwe kwenye karatasi ya programu sawasawa na la Brahms.

Maneno: dakika moja kabla ya kuanza, moja kabla ya wimbo wa babu. Usisome. Usiwaeleze Debussy alizaliwa lini. Waambie kitu cha kusikiliza.

Na jengo. Katika kanisa la mawe mlio hubaki hewani baada ya upinde kuacha uzi, kwa hiyo ukienda mbio noti zinapandana. Sehemu ya mwisho ya Brahms ndipo hatari ilipo: piano yake ni nzito kweli, na wewe uko chini kwenye sauti za besi. Mwenzako aegemeze kifuniko cha piano kwenye kile kijiti kifupi, na mtafute mtu wa kukaa safu ya nyuma mnapojaribu, awaambie kama selo inasikika. Mkumbuke pia kwamba watu wakijaa, makoti yao yatanyonya mwangwi, kwa hiyo saa saba mtasikika tofauti na saa tano na nusu. Sakafu ya marumaru haishiki ncha ya chuma ya selo yako. Chukua ule mkanda wa kufunga kwenye mguu wa kiti, usitegemee kipira peke yake. Nimeona selo ikiteleza katikati ya noti ndefu, na mpigaji akabaki ameibana kwa magoti mpaka mwisho wa ukurasa. Kuna baridi vilevile. Glavu mkononi mpaka dakika ya mwisho.

Nirudi kwako, dada. Umeuliza kama ni kitu cha maana. Nikueleze mchana mmoja. Ilikuwa Februari, namsindikiza kijana wa fidla, watu labda sitini. Wastaafu mbele, kama kawaida. Hao ndio nguzo, wanakuja kila wiki na wanakumbuka nani alipiga nini miaka mitatu iliyopita. Nyuma watalii wawili watatu, na mzee mmoja ambaye nadhani alikuwa amefuata joto tu. Na mlangoni kabisa mtu wa ujenzi, koti lake la kung'aa, kofia ngumu juu ya magoti. Saa saba na dakika arobaini akaangalia saa yake, akainuka taratibu. Tulikuwa kwenye sehemu ya polepole. Akafika mlangoni, akashika kitasa, hakukizungusha. Alisimama hivyo, mgongo kwetu, mpaka noti ya mwisho ikatulia, ndipo akatoka. Kijana wangu hakumwona, alikuwa amefumba macho. Mimi nilimwona kupitia ubavuni mwa piano. Nimepiga kwenye kumbi za tikiti za pauni hamsini na sijapewa heshima ya namna ile.

Huyo ndiye binti yako atakayempigia. Chuoni amepigia walimu na wenzake, watu wanaosikiliza makosa. Saa saba mchana atapigia watu ambao hawakulazimika kuja na wanaweza kuondoka. Kujua kuwashika watu hao ni sehemu ya ufundi ambayo haina somo darasani, na haipatikani kwa kupiga mara moja. Ndiyo maana namwambia akubali.

Kuhusu kukaa. Fika robo saa mapema, chukua karatasi ya programu, kaa popote. Nafasi za mbele kabisa sizipendi kwa selo, safu ya nne au ya tano sauti inakuwa imejikusanya. Vaa unavyovaa kazini. Debussy na Brahms kila mmoja ana sehemu tatu, na kati ya sehemu na sehemu watu hukaa kimya. Usihangaike kuhesabu. Tazama upinde wake. Ukiwa bado umeinuliwa hewani, hawajamaliza. Akiushusha na mabega yakalegea, piga makofi. Ukikosea ukapiga kati, hakuna litakaloharibika, na pengine watakufuata. Ikibidi utoke mapema kuwahi zamu, subiri makofi ya kati ya kazi moja na nyingine.

Kuinuka kumtunza katikati, hapana, dada yangu. Najua mkono utakuwasha, khasa kwenye wimbo wa baba yako au mkweo. Lakini mkono wake wa upinde unahitaji nafasi kubwa kuliko unavyodhani, na akili yake iko mbali. Mtunze kwenye kapu, na baba yake naye atie chake kwa mkono wake mwenyewe. Maua kama mnayo, yaje baada ya makofi ya mwisho.

Halafu msubirini kwenye mlango wa pembeni. Itachukua muda, kwa sababu wastaafu watamzunguka wamuulize juu ya ule wimbo. Atatoka selo mgongoni, mikono inatetemeka kidogo, na hatakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi, maana mpigaji wa saa saba hana chakula cha mchana. Mchukulieni sambusa, na za mwenzake wa piano pia.